Daktari mtarajali naye ananyonyesha

Mhariri,

Mimi ni mama mkwe. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua mama mkwe akishika kalamu kumwandika mke wa mwanawe, wasomaji huvuta viti wakisubiri umbea. Leo hakuna. Mkwe wangu sina kesi naye. Kesi yangu ni na ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani katika hospitali anayofanyia kazi, na nimeileta kwako kwa sababu ratiba ile haina simu wala ofisi, na kila niliyemuuliza ameniambia aliyeipanga ni mwingine.

Nijitambulishe kidogo. Nilikuwa muuguzi mkunga. Nimetumikia zahanati na vituo vya afya wilayani Muheza tangu enzi tunaning'iniza mizani ya watoto kwenye tawi la mwembe, hadi nilipostaafu mwaka 2018. Sitaji hayo kwa kujisifu. Nataka tu atakayenijibu asianze kwa kunifundisha faida za maziwa ya mama, maana nimezihubiri mpaka sauti imekauka.

Mkwe wangu ni daktari mtarajali. Kwa wasiojua mambo hayo, kijana akimaliza miaka 5 ya kusomea udaktari chuo kikuu haruhusiwi kuchukua cheti chake akaenda kutibu watu peke yake. Hupangiwa hospitali, akatumikia mwaka 1 wa utarajali chini ya madaktari wakubwa, huku akizungushwa idara kwa idara: magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji, wanawake na uzazi. Kila idara lazima iridhike naye, la sivyo mwaka wake haujaisha. Ukimpeleka mgonjwa wako hospitali kubwa saa 9 usiku, anayekupokea, anayeandika historia, anayekimbia na chupa ya damu kwenda maabara na kurudi, mara nyingi ni mtarajali. Bingwa anapigiwa simu. Kwa jina huyu ni mwanafunzi, ila mzigo anaobeba ni wa mtu mzima.

Mtaani kwetu hapa Gongo la Mboto swali ninaloulizwa zaidi ni hili: kwa nini asingesubiri amalize ndipo azae? Wanawake wenzangu ndio wanaouliza, tena wakiwa wamekaa vizuri na vikombe vyao vya chai. Haya, tupige hesabu. Msichana anamaliza kidato cha sita ana miaka 19 au 20. Ongeza 5 ya chuo na 1 ya utarajali. Kisha kuna kusubiri ajira, na kusubiri huko kunaweza kuwa kurefu kuliko masomo yenyewe. Akitaka ubingwa, ni miaka mingine 3 au zaidi. Sasa niambieni, katika hesabu hiyo ule mwaka mwepesi uko wapi, ule ambao mtu anazaa bila kumkera yeyote? Mimi ni mkunga, nimepokea watoto wa mama wa kwanza wenye miaka 18 na wenye miaka 40. Sitamwambia msichana asubiri ili ratiba ya watu isiharibike.

Basi alijifungua akiwa katikati ya mwaka wake wa utarajali. Mtoto wa kike, kilo 3 na gramu 100. Mwanangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alipata siku zake 3 za likizo ya uzazi kama sheria inavyosema, na wiki ile ile akawa ubaoni anafundisha fizikia. Nami nikafunga zahanati yangu ya pili, yaani kuku wangu na michungwa yangu, nikapanda basi mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Nilidhani nakuja kwa arobaini ya mtoto. Bado nipo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mzazi likizo ya siku 84, na 100 akizaa mapacha. Mkwe wangu alianza likizo yake wiki 2 kabla ya kujifungua kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba na presha inachezacheza, na mimi ningekuwa zamu siku hiyo ningemlazimisha aanze hata mapema zaidi. Kwa hiyo alirejea kazini mtoto ana wiki 10. Nakumbuka vizuri kwa sababu ndiyo ilikuwa tarehe ya chanjo ya wiki ya 10. Mama aliingia wodini kuchoma sindano watoto wa watu, mimi nikampeleka wake kuchomwa.

Sasa tazama jambo hili, Mhariri, maana ndipo nilipoanza kukasirika. Sheria hiyo hiyo inakataza mama kupangiwa kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ndani ya miezi 2 tangu ajifungue. Kifungu kizuri sana. Lakini miezi 2 hiyo imelala ndani ya likizo yenyewe. Siku mama anapokanyaga tena kazini, ulinzi wake umeshakwisha akiwa kitandani kwake. Mkwe wangu wiki ya pili tu baada ya kurudi alipangiwa usiku. Hakuna aliyevunja sheria. Ratiba ilifuata majina, na jina lake lilikuwa limefikiwa.

Niwaeleze nyumba inayolea mtoto na utarajali inavyokwenda.

Saa 10 na nusu alfajiri taa inawaka. Mama ananyonyesha akiwa amefumba macho, kisha anakamua kwa mkono kwenye kikombe cha plastiki kilichochemshwa. Ile mashine ya kukamulia tuliiulizia bei duka la dawa tukaiacha palepale. Saa 11 anatoka, maana daladala mbili zinamsubiri na ripoti ya asubuhi haimngojei mtu. Maziwa yaliyokamuliwa nayaweka kwenye friji ndogo, na umeme wa mtaa huu mnaujua. Ukikatika, nina deli langu na barafu ninayonunua kwa jirani anayeuza maji. Nimebeba chanjo kwa njia hiyo miaka na miaka, kutoka wilayani mpaka vijijini kwenye milima ya Amani, nikihesabu barafu na kuomba barabara isikatike kwa mvua. Sikujua uzeeni nitaifanya kazi ile ile kwa ajili ya mtoto mmoja.

Simpi kwa chupa. Nampa kwa kikombe na kijiko kama nilivyowafundisha wengine, na atakayesema ni kazi kubwa nakubaliana naye, ni kazi kubwa. Mtoto wa wiki 10 anamaliza kikombe kidogo kwa muda ambao mtu mwingine angechambua kilo ya mchele.

Mama akirudi, kama si siku ya zamu ndefu, ni saa 1 usiku. Anavua kila kitu bafuni, anaoga, ndipo anamgusa mwanawe. Mtoto amekwishalilia titi mpaka amekata tamaa, amelala. Anaamshwa. Hapo mwanangu anakuwa ameosha nepi na kuzianika ndani kwenye kamba iliyopita juu ya televisheni. Majirani walimcheka mwanzoni. Siku hizi kuna jirani mmoja, mwanamume mwenye kitambi na sauti, ambaye namwona naye akianika, ingawa husubiri giza.

Zamu ya usiku ndiyo inayotutesa. Mtoto wa miezi 3 hanyonyi mchana tu. Usiku ndio wakati mwili unatoa kwa wingi homoni ya kutengeneza maziwa, na mama asiponyonyesha wala kukamua usiku, baada ya siku chache mwili unaanza kuyapunguza. Mwili ukiona hakuna anayeyatumia, unafunga duka. Mkwe wangu anajua haya kuliko mimi, ameyasoma na mitihani ameifanya. Lakini kujua hakukamui. Usiku wa kwanza alipokuwa zamu, hakupata nafasi mpaka asubuhi. Ziwa la kushoto lilijaa likawa gumu, joto likapanda, akarudi nyumbani anatetemeka. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, nikamwekea mtoto anyonye hilo hilo linalouma, yeye anang'ata kanga. Kesho yake alirudi wodini na dawa za homa mfukoni. Alipomwomba msimamizi wake abadilishiwe usiku wa tatu, aliambiwa atafute mwenyewe wa kubadilishana naye. Akamtafuta wapi, na wenzake nao wamechoka hivyo hivyo?

Na mahali pa kukamulia? Chooni. Choo cha watumishi, mlango haufungiki vizuri, kikombe ameshikilia kwa meno huku akizuia mlango kwa mguu. Nani kati yetu anapikia chakula chooni? Chakula cha mtoto huyu kinaandaliwa chooni, katika jengo ambalo ukutani, mita chache tu kutoka hapo, kuna bango kubwa la mama anayetabasamu na mtoto kifuani, limeachwa tangu Wiki ya Unyonyeshaji, ile tunayoiadhimisha duniani kote tarehe 1 hadi 7 Agosti. Bango linasema miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama tu, hata maji usimpe. Ni kweli kabisa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walianzisha tangu mwaka 1991 mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, wenye hatua 10, nasi wakunga tulizikariri kama sala. Lakini nimezipitia zote kichwani, na zote zimeandikwa kwa ajili ya mama anayekuja kujifungua. Mama aliyevaa koti jeupe hayumo.

Siku moja katika raundi, maziwa yalimtoka akiwa anaeleza hali ya mgonjwa mbele ya daktari bingwa na wanafunzi. Yakalowesha blauzi, yakalowesha koti. Alimaliza kueleza. Mgonjwa mwenyewe, mama aliyejifungua jana yake, ndiye aliyevuta kanga kutoka chini ya mto akamrushia. Daktari bingwa akaenda kitanda kinachofuata. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema mgonjwa ndiye aliyeona.

Nilipoona hivyo nikaamua mimi na mjukuu tutamfuata mama yake kazini, maana sheria haikunyamaza hapa: mama anayenyonyesha anastahili hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwenda kumnyonyesha mwanawe. Nikambeba kwa mbeleko, tukapanda daladala. Getini mlinzi akaniambia, "Bibi, saa ya kuona wagonjwa bado." Nikamjibu sikuja kuona mgonjwa, nimemletea daktari mtoto wake. Alicheka, akafikiri, kisha akanipa kiti chake mwenyewe. Nimshukuru hapa, ingawa jina lake silijui. Mkwe akashuka mbio. Mtoto akaanza kunyonya kwenye kile kiti cha mlinzi, magari ya wagonjwa yanaingia na kutoka, kanga yangu ndiyo pazia. Hakupita muda simu ikaita: kuna mama anatoka damu leba. Akamchomoa mtoto titi mdomoni akanipa, akakimbia. Nami nilisema moyoni kimbia, mwanangu, kimbia. Mkunga gani angesema vingine?

Tumefanya hivyo mara kadhaa, mvua na jua. Mara nyingine alishuka, mara nyingine hakuweza. Saa 2 za kwenye sheria hakuzipata hata siku moja. Na sikilizeni vizuri: hakuna aliyemnyima. Ukimwuliza msimamizi, anasema nenda kanyonyeshe, nani kakukataza? Lakini kwenye ratiba hakuna mtu wa kushika simu yake kwa saa hizo, na mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri daktari anyonyeshe. Hivyo ruhusa ipo, ila haina pa kukaa. Mtoto alifika miezi minne na nusu, ndipo kopo la maziwa likaingia nyumbani, na bei ya kopo hilo ikaingia kwenye mshahara wa mwalimu. Sasa ana miezi 7, anakula uji, anaota meno, ana afya. Mama yake bado anafidia miezi aliyokuwa likizo, wakati wenzake aliosoma nao wameshamaliza mwaka wao wakaondoka.

Wapo watakaosema mtarajali si mwajiriwa hasa, yuko mafunzoni, kwa hiyo sheria ya kazi isitajwe. Hoja hiyo nimeisikia. Anayeitoa naomba ampe mtarajali kazi za mwanafunzi, asimpangie zamu za mwajiriwa.

Wapo pia mama zetu madaktari wakubwa, na hawa nawaheshimu, wanaosema, "Sisi tulivumilia, na watoto wetu wamekua." Mlivumilia, kweli. Nami nilivumilia. Nilijifungua huyu mwalimu nikarudi zahanati, lakini nyumba yangu ilikuwa hatua chache kutoka mlango wa zahanati, mama yangu alimleta mtoto nikanyonyesha baina ya mgonjwa na mgonjwa. Dar es Salaam si hivyo. Daladala mbili, foleni, jua. Na wengi hawana mama mkwe aliyestaafu, wana dada wa kazi. Hapo napo pana la kusema: yule dada tuliyemwajiri kabla sijaamua kubaki alikuwa na mtoto wa mwaka 1 aliyemwacha kwa bibi yake Singida. Alikuwa anamlea mjukuu wangu ili daktari alee watoto wa taifa, na wake analelewa na kikongwe. Alipoondoka kumrudia mwanawe sikumlaumu, nilimpa nauli.

Hii si ndoto ya Ulaya. Mimi nimekulia kwenye kambi ya shamba la mkonge, Tanga. Wanawake walikwenda shambani na kiwandani, na pale kambini kulikuwa na kibanda cha kulelea watoto, na mama mmoja mtu mzima aliyelipwa kuwaangalia. King'ora kikilia, wanaonyonyesha walikuja. Kibanda cha miti na bati, mikeka sakafuni, pipa la maji. Tajiri wa mkonge hakufanya hivyo kwa huruma, alitaka mkonge wake ukatwe. Ninachouliza ni kama hospitali ya mwaka huu haiwezi kuwa na hesabu kali kama ya tajiri yule. Hata wenzetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017, waliandika kwamba mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea pa wafanyakazi, pawe na pa kunawia mikono, friji, umeme, meza na kiti. Kama wametekeleza kila mahali wataeleza wao, lakini angalau wameandika na kiti.

Siombi likizo ya miezi 6, ingawa wakitaka kuiongeza sitaandika barua ya kupinga. Siombi posho. Naomba ratiba inayopangwa kila mwezi iwe na safu moja ya kuonyesha nani ananyonyesha, na mbele ya jina lake pawe na jina la atakayeshika simu yake katika zile saa 2. Naomba zamu za usiku za mama wa namna hiyo zisogezwe mpaka mtoto afike miezi 6, azifanye baadaye, azilipe zote, hakuna anayetaka bure. Na naomba chumba.

Chumba kipo. Katika kukaa kwangu pale getini nimezungumza na wafagizi, na wafagizi wa hospitali wanajua kila mlango. Karibu na wodi ya wazazi kuna stoo ya vitanda vilivyovunjika na meza zisizo miguu. Ina dirisha. Ina sinki, na maji yanatoka. Ufunguo wake, nimeambiwa, anao katibu wa afya, yaani msimamizi wa utawala wa hospitali. Namwomba kwa heshima zote aifungue. Vitanda vibovu wataamua wenyewe pa kuvipeleka, na kufagia nitafagia mimi kabla sijarudi kwenye michungwa yangu.

Mkunga Mstaafu,
Muheza, Tanga (kwa sasa Gongo la Mboto, Dar es Salaam)